Mbwa Alipata Ruhusa

Pasipoti yangu ya kwanza iliisha muda wake ikiwa safi kabisa. Miaka kumi nzima haikugongwa muhuri hata mmoja. Nilipokwenda kuomba nyingine, bwana wa dirishani aliipekua ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza kama ilikuwa imepotea. Nikamwambia haikupotea, ilikuwa kabatini chini ya kanga zangu, na hilo halimhusu. Nina ulimi mkali, najijua.

Mimi ni mpika mikate ya kumimina hapa Dunda, Bagamoyo, ile mikate ya mchele na nazi na hiliki, ya harusi na maulidi. Nina miaka hamsini na minane. Niliolewa, nikaachika, sikujaaliwa mtoto. Nimefika Unguja mara tatu, Tanga mara moja, na Lugoba kwenye misiba ya upande wa mama nimekwenda mpaka nimechoka. Basi. Na tangu nikiwa kigori ninatamani kwenda mbali. Watu wanatoka kote duniani kuja kuupiga picha mji wetu, wanapita mlangoni kwangu na kofia zao, nami nimesimama na upawa mkononi najiuliza kwao kukoje. Nilitaka kutembea kwenye mtaa ambao hakuna anayejua mimi ni binti wa nani na niliachwa kwa sababu gani. Kaka yangu, anayesomesha madrasa, aliniuliza mbona hamu hiyo isianze na Makka. Nikamjibu Makka nitakwenda kwa ajili ya Mungu. Hii ni ya kwangu. Hakupenda.

Chumba cha uani nilimpangisha mama mmoja wa Kizungu, amenizidi umri, mwalimu mstaafu. Alikuja kwa miezi miwili kujifunza kuchonga, akakaa miaka sita. Kwao ni nchi moja ya Ulaya. Siitaji, maana bado nina shida nao. Mwaka wake wa pili alirudi kutoka soko la samaki na kikapu cha ukili, na ndani ya kikapu kitoto cha mbwa, jike, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilimwambia hapa ndani kuna Waislamu na kuna mikate, mbwa haiwezekani. Akakaa chini pale pale uani akalia kama ameambiwa amefiwa. Mtu mzima akilia mbele yako utafanyaje?

Tukapatana. Mbwa havuki mfereji unaokata ua. Bombani nikaweka kopo la udongo, maana kwetu mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Yule mama aliosha hata yasipomgusa, kwa adabu tu, mpaka mikono ikambabuka. Maneno hayakukosekana hata hivyo. Mama wa bi harusi mmoja alinirudishia sinia mbili nzima, eti ameota manyoya. Nilimjibu majibu ambayo kaka ilibidi aende akaniombee radhi. Baada ya hapo nikasimamisha uzio wa mabati kuzunguka jiko, na wateja wakarudi mmoja mmoja.

Sitasema uongo: miaka ya mwanzo sikumpenda yule mbwa. Alikuwa na jina la kwao, gumu kutamka, mimi nikamwita "Wewe", na akaitika. Lakini kila alfajiri nikiwasha jiko nilimkuta amelala ng'ambo ya mfereji, pua imefika ukingoni hasa, hajavuka hata kwa kucha, ananitazama. Ukitazamwa hivyo miaka na miaka unaanza kuzungumza, hutaki unataka. Nilimweleza mambo ambayo kaka hayajui. Nilimweleza hata habari za ile pasipoti.

Mwaka juzi yule mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mwanawe alikuja akamchukua ndani ya wiki moja, na mbwa akabaki kwangu. Kumbe mbwa naye ana makaratasi. Kwao haingii hivi hivi: anatiwa chipu ya namba chini ya ngozi, anachanjwa kichaa cha mbwa, baada ya mwezi anatolewa damu inayopelekwa nje kupimwa, kisha anasubiri miezi mitatu. Nilidhani watamtuma mtu kuja kushughulika. Yule mama akanipigia simu mwenyewe, sauti imekuwa ndogo.

"Mlete wewe, dada," aliniambia. "Tiketi nitakata mimi. Ukae kwangu mwezi mzima, nikuoneshe kwetu."

Nilikata simu nikaingia chumbani nikakaa kitandani, mikono bado ina unga. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Miaka yote ile nilikuwa nikiomba njia, na njia yenyewe imekuja na miguu minne na mkia.

Siku ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, dereva wa bajaji alikubali kwenye simu, alipomwona abiria akasita. Akataka gunia litandikwe, kisha mkeka juu ya gunia, kisha nimhakikishie kwamba mkewe hatajua. Daktari alihitaji mtu wa kumshika mbwa wakati anamtoa damu. Msaidizi hakuwapo. Nikamshika mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, mkono mmoja shingoni na mwingine kifuani. Alikuwa wa moto, na moyo wake ulikuwa unakimbia. Hakumtazama daktari wala sindano, alinitazama mimi tu. Niliporudi niliosha mara saba, ingawa kaka mwenyewe alishaniambia mbwa mkavu ukimgusa hakuna neno. Kesho yake nikamshika tena, safari hii bila sababu yoyote.

Ikawa miezi ya kujitayarisha. Nilinunua sweta la mtumba, zito, limeandikwa maneno nisiyoyaelewa kifuani. Nikanunua na soksi. Nilimtembeza mbwa pwani asubuhi kwa kamba, azoee kamba nami nizoee kuchekwa. Wanawake wa soko la samaki waliniuliza sasa nimekuwa Mzungu wa wapi. Nikawajibu wangoje wataona. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nawaambia kweli. Nilikuwa nikitembea na mbwa wangu kwenye ufuko wa kwetu, akilini tayari tuko kule, barabara ya mawe, baridi, wawili tu, hakuna anayetujua.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kwetu mtu hasafiri safari ya mbali bila kuaga na bila wasia. Unapita nyumba kwa nyumba unaomba radhi, hata kwa usiowapenda. Nilifika mpaka kwa yule mama wa bi harusi. Kisha unaweka mambo yako sawa kana kwamba hurudi, kwa sababu nani ajuaye. Jiko langu na sinia zangu zote nikampa binti wa kaka, nikamkabidhi mbele ya watu. Nyumba nikaiweka mkononi mwa kaka. Kaka akakaa na kalamu akaniandikia wasia kwa mwandiko wake mzuri, mashahidi wawili wakatia saini. Mwisho nikamwambia aongeze: nikifia huko, nizikwe huko huko na Waislamu wenzangu, nisisafirishwe, maana maiti kumchelewesha si vizuri, na sitaki kumsumbua mtu. Kaka alifuta macho. Mimi nilijiona nimetimiza.

Ubalozi ulitaka barua ya mwaliko, hati ya nyumba, na karatasi yoyote inayoonesha hali yangu ya maisha. Nikatazama karatasi zangu nikaona iliyo bora kuliko zote ni ule wasia. Unaonesha mimi ni mtu mwenye nyumba, mwenye ndugu, mwenye dini, mwenye mpango. Nikaupeleka Dar kwa mfasiri akautia Kiingereza na muhuri, nikauweka juu kabisa ya faili. Hakuna aliyenituma.

Dada wa dirishani alikuwa na adabu, na pembeni yake mkalimani. Aliniuliza kama nina mume. Sina. Watoto? Sikujaaliwa. Kazi? Napika mikate, ila jiko sasa ni la binti wa kaka. Nyumba? Iko kwa kaka. Nilijibu haraka haraka, kichwa juu, kila jibu naliona zuri kuliko lililotangulia. Akafika kwenye wasia. Aliusoma taratibu, akarudia ule mstari wa mwisho, akauweka chini.

"Kwa nini umeandika kwamba utazikwa kwetu?" akaniuliza kupitia kwa mkalimani.

"Kwa sababu nikishakufa sitaweza kujirudisha mwenyewe," nikamwambia.

Mkalimani alicheka kidogo. Yule dada hakucheka, aliandika.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Karatasi ilisema hawana hakika kwamba nitaondoka nchini mwao kabla viza haijaisha. Nilimpa kaka aisome, nikidhani mimi ndiye nisiyeelewa. Akaisoma mara mbili, akauliza niliwapa karatasi gani, nikamtajia. Halafu akaniambia kwa upole kwamba wale watu wamenisoma kama mtu aliyegawa vyake vyote akaenda kutafuta kaburi. Nilitaka kumrukia. Kisha nikaona ni kweli. Hata mimi ningekuwa nyuma ya kile kioo ningejinyima.

Wiki ile ile zilirudi karatasi za mbwa. Damu yake safi, chanjo yake sawa, namba yake imesajiliwa. Mbwa aliyeokotwa kwenye magamba ya samaki alipata ruhusa ya kuingia Ulaya, na mimi mwenye pasipoti mbili nikanyimwa. Mtaa mzima ulicheka, nami nilicheka nao, mchana. Jioni nilikwenda kukaa naye upande wake wa mfereji, chini kwenye mchanga, nikamwambia.

Yule mama alisema basi apelekwe kama mzigo, kule watampokea. Wallahi nilifikiria kumwambia mbwa amekufa. Nilifikiria siku tatu. Nilishatunga mpaka ugonjwa. Lakini mbwa alikuwa amana, na mwenye amana yuko kitandani ng'ambo na nyonga ya chuma, anahesabu siku. Nikamwambia sawa.

Uwanja wa ndege wa Dar nilikuwa sijawahi kuingia, hata kumpokea mtu. Niliufikia kwa upande wa mizigo, kwa gari la kukodi, na mbwa ameweka kichwa mapajani mwangu njia nzima. Bwana mmoja alimpitisha kifaa shingoni kikasoma namba, akagonga karatasi muhuri, mmoja, wa pili, wa tatu. Nilihesabu. Kisha akasema mbwa aingizwe kwenye sanduku lake la safari, lenye mlango wa vyuma, na wakitaka kumvuta wataleta kamba, maana wengi hugoma.

Huyu hakugoma, na kosa ni langu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimemfundisha lile sanduku uani kwangu. Daktari alinielekeza: aingie kwa hiari, na akiingia akuone, ajue upo. Basi kila siku baada ya mikate niliweka kanga yangu kuukuu ndani, naye akaingia, nami nikakaa mbele ya mlango wa sanduku, vidole vimepita kwenye vyuma, tunasafiri. Alishajua kwamba sanduku maana yake ni kwamba tunakwenda pamoja.

Pale kwenye sakafu ya saruji, makelele ya ndege juu, alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Ingia," nilimwambia. "Nakuja."

Akaingia. Akajizungusha mara moja, akalala juu ya kanga, akaweka pua kwenye vyuma akanisubiri nikae. Nilikaa. Bwana wa mizigo, Mungu amlipe, alijifanya kutafuta kalamu. Halafu wakaja wawili na kitoroli, nami nikainuka, naye hakubweka. Alinifuata kwa macho tu mpaka pazia la plastiki likashuka.

Ni mwaka na miezi sasa. Jiko limebaki kwa binti wa kaka, kilichotolewa kwa mkono wangu sikirudishi, kwa hiyo ananituma kukoroga unga kwenye jiko nililolijenga mwenyewe, na akinisahihisha hiliki nanyamaza. Yule mama anatembea kwa mkongojo. Ananitumia picha: mbwa amevaa koti, mbwa kwenye theluji, mbwa amenenepa. Juzi aliniandikia kwamba ana tabia moja hawaielewi. Lile sanduku hawajalitupa, liko ukumbini, na kila asubuhi anaingia mwenyewe, anaweka pua mlangoni, analala hivyo mpaka wamwite kula. Wanadhani analipenda.

Nimeomba viza tena. Siku yangu ni Jumatatu ijayo. Kaka amenishauri wasia nisiubebe, na safari hii nimemsikiliza. Ile hamu ya kuona ulimwengu sijui imekwenda wapi. Ukinipa leo miji yao yote na mitaa yao isiyonijua, nitakuuliza tu ukumbi ule uko upande gani. Nimeota naufungua mlango wa lile sanduku mara nyingi kiasi kwamba najua mkono wangu unapogusa. Na yule dada wa dirishani akiniuliza nakwenda kufanya nini, nitamwambia kuna mbwa kule nilimwambia nakuja.