Bobi Alipotoka Jandoni

Juzi, pale mtaani Chuno, nilimwona mbwa aliyetoka kuhasiwa akiyumbayumba kibarazani, nikamkumbuka Bobi, mbwa aliyelinda mikorosho yetu nilipokuwa mtoto.

Bwana mifugo alipomaliza kumhasi, nilidhani Bobi ametoka jandoni kama kaka yangu, basi anastahili karamu. Nikampelekea wali na samaki. Akala huku akisinzia, akatapika, kisha akalala macho wazi.

"Mama, nimemuua Bobi."

"Hajafa, kalewa dawa ya usingizi. Nani kakwambia mbwa anafanyiwa sherehe?" Mama alisema, akimlaza ubavu.

Sasa najua chakula kingeweza kumpalia. Mbwa wa namna hiyo hungojewa azinduke vizuri kabla ya kulishwa. Mchana ule nilikaa tu nikimwomba radhi. Jioni Bobi aliinua kichwa, akaulamba mkono wangu uliokuwa bado unanuka samaki, nami sikuweza kumtazama.