Beseni Moja, Kulungu Mmoja

Watu wa bonde la Otter, huko Wisconsin, jimbo la Marekani, hawakumpelekea Arlys Brekke nyama kwa kuwa soseji zake zilishinda za wengine kwa utamu. Walimpelekea kwa sababu ya wasiwasi wake. Alikuwa mwanamke wa kufunga mlango kisha akarudi kuujaribu. Watoto wake walipokuwa wadogo aliwanusa midomo kila walipotoka kucheza, asije mmoja akawa amekula tunda la msituni. Mtu wa namna hiyo ukimwachia chakula cha wanao, usingizi unakuja wenyewe.

Kila Novemba, msimu wa kulungu ulipofunguliwa na vilima kujaa wawindaji wenye majaketi ya rangi ya machungwa, gereji yake iligeuka bucha. Mumewe, Duane, ndiye aliyeianza kazi hiyo, na ugonjwa wa kulungu ulipoingia bondeni ndiye aliyeweka sheria. Ugonjwa huo humkondesha mnyama mpaka akafa, lakini mwanzoni hauonekani. Kulungu anaweza kuwa amenona, manyoya yanang'aa, kumbe anao. Kwa hiyo mwindaji hukata kichwa, hukifunga kibandiko chenye namba, kingine cha namba ileile kikibaki na nyama, na kukiacha kwenye pipa la idara ya wanyamapori ya jimbo, kando ya duka la vyakula vya mifugo. Halafu anasubiri jibu. Madaktari walisema hawajaona mtu aliyeugua kwa kuila nyama hiyo, ila walishauri isiliwe. Duane naye akasema: beseni moja, kulungu mmoja, na mashine ya kusagia nyama haiwashwi mpaka jibu lije.

Duane alikufa ghafla mwezi wa tano, moyo. Novemba iliyofuata Arlys akaivunja sheria ile.

Aliivunja kwa ajili ya Merle, mdogo wake Duane, mseja, ambaye saratani ya ini ilikuwa imemfikisha mahali pa kupewa dawa za maumivu tu. Alikuwa amehamia chumba cha chini nyumbani kwa Arlys. Idara ilimpa kibali cha wagonjwa, kinachomruhusu mtu kuwinda akiwa ameketi ndani ya gari lililoegeshwa, na siku ya kwanza ya msimu Arlys akampeleka kwa pikapu hadi ukingoni mwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Merle aliegemeza bunduki dirishani, akangoja mpaka mikono ikatulia. Dume alilolipata lilikuwa changa, na risasi ilikuwa imeharibu bega zima. Hata hivyo alilitazama kama mtu anayetazama mtoto wake.

Kichwa kikaenda kwenye pipa. Siku zikapita. Merle akaacha mkate, akaacha mayai, akabaki na supu.

"Shemeji," alisema asubuhi moja, "hao wanakipima kichwa au wamekipeleka shule?"

"Kuna vichwa vingi mwaka huu. Subiri."

"Umemwambia subiri mtu asiyeweza. Kidogo tu. Niionje."

Arlys akashuka gerejini. Nyama ya lile dume ilikuwa haba mno kwa mashine kubwa ya Duane. Kwenye beseni la pili ilikuwepo ya Gaylene Sobotka, jirani yake, mama wa watoto wawili, ambaye mumewe huendesha lori la maziwa na yeye mwenyewe ndiye mwindaji wa nyumba. Jibu la Gaylene lilikuwa limeshakuja, safi. Arlys akachota kwenye beseni hilo, akachanganya na ya Merle, akaongeza mafuta ya nguruwe na kitunguu saumu, akawasha. Alipomaliza, akapitisha nyama yote ya Gaylene iliyobaki kwenye mashine ileile. Jioni Merle alikula kipande kizima, akalamba vidole. Kesho yake Gaylene akaja kuchukua soseji zake.

Simu ya idara ilipigwa Arlys akiwa anakunja mashuka. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikasoma namba ya kibandiko cha Merle, ikamwambia kwamba kulungu yule alikuwa na ugonjwa.

"Hamjaanza kula, sivyo?" sauti ikauliza.

Arlys alishukuru, akaweka simu. Alisimama palepale, shuka begani. Hakuna aliyejua kuwa nyama zilichanganywa isipokuwa yeye. Gaylene alikuwa na jibu lake, safi, na hangeuliza tena. Angeweza kulikunja shuka, akaendelea na maisha. Alivaa buti, akasahau koti, akakata njia katikati ya theluji.

Kwa Sobotka walikuwa mezani. Mtoto wa kike alikuwa na kipande kwenye uma.

"Gaylene, mwambie aweke chini."

"Bi Arlys, uko bila koti. Merle ametutoka?"

"Mwambie aweke uma chini, tafadhali."

Gaylene akauchukua uma mwenyewe. Arlys akaeleza yote, hakuruka kitu, mikono yake imeshikana kama ya mtoto mbele ya mwalimu.

"Si kulungu wangu alikuwa safi?"

"Wako ni safi. Nimemchanganya na wa Merle."

"Na jibu la Merle lilikuwa limekuja?"

"Halikuwa limekuja."

Gaylene alimkazia macho. "Wewe? Wewe unayenipigia simu usiku kuniuliza kama nimezima jiko?" Akamvuta mtoto, akampangusa mdomo kwa aproni, akapangusa tena mahali palepale palipokwisha kuwa safi. "Chukua zote. Chukua na sufuria. Sitaki kuiona."

Arlys alipakia kila kitu kwenye pikapu na kukipeleka kwenye pipa jingine, kubwa, la chuma, ambalo jimbo huliweka kwa ajili ya mifupa na mabaki, ili yasitupwe msituni na kuuachia udongo ugonjwa. Mashine ya Duane nayo, kwa kuwa ugonjwa ule hautoki kwa sabuni, akaiinua, akaitupa. Ililia mara moja ilipogonga sakafu ya pipa.

Merle aliposikia, alicheka mpaka akakohoa. "Ugonjwa huo unahitaji miaka, shemeji. Ukifika utakuta nimeshahama. Nipe zangu nile."

"Zimekwenda zote."

"Hata moja hukuficha?"

"Hata moja."

Aligeuza uso ukutani. Arlys akasimama mlangoni, kisha akaenda kwenye friza, akaingiza mkono chini kabisa, akatoa pakiti moja iliyogandamana na barafu. Juu yake mwandiko wa Duane ulisema: *Langu, limepimwa, safi*. Ilikuwa nyama ya dume la mwisho la Duane. Arlys alikuwa ameihifadhi tangu mazishi bila kujua anaihifadhia nini.

Aliikaanga polepole kwa siagi. Merle alikula matonge mawili, akafumba macho.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni ya kaka yako."

Akaomba la tatu.

Merle alikufa kabla ya Krismasi. Gaylene alifika mazishini, akaweka bakuli la viazi mezani, akaondoka bila kuketi. Msimu wa baridi ukapita, kiangazi kikapita, na walipokutana dukani walizungumzia hali ya hewa tu.

Novemba gari la Gaylene likaingia uani. Alishusha beseni, akaliweka kwenye meza ya gereji, karibu na mashine mpya. Kisha akapindua ndoo na kuikalia.

"Jibu limekuja?" Arlys aliuliza.

"Limekuja. Safi. Ila mimi nakaa hapa mpaka umalize."

"Kaa. Nionyeshe jibu."

"Nimekwambia ni safi, Bi Arlys."

"Nionyeshe."

Gaylene akatoa simu. Arlys akavaa miwani, akainama, akaanza kulinganisha namba ya kwenye simu na ile ya kibandiko kilichofungwa kwenye beseni, tarakimu moja baada ya nyingine, akizisoma kwa sauti. Gaylene aliisogeza ndoo karibu, naye akaziangalia.