Nawa Miguu

Mashine yangu ya kwanza ilipendeza kuitazama. Fundi aliing'arisha mpaka nikawa najiona uso humo, na kwenye slaidi niliandika kwamba ingekamua omuramba, ile juisi ya ndizi ya kwetu, bila mtu kuingiza mguu. Kituo cha kulea biashara changa katika chuo nilichohitimu kilinipokea kwa maneno hayo. Tulikuwa wanafunzi na wahitimu, kila mmoja na wazo lake, na aliyeongea kuliko wote ni mimi.

Siku ya majaribio nilimimina ndizi mbivu, nikawasha. Mashine ilizikata, ikazisaga, ikatoa uji mzito wa manjano. Juisi, hata tone. Mlezi wangu pale kituoni, mama mmoja mpole, aliuonja kwa kijiko, akaniuliza mara ya mwisho nilikamua lini kwa mikono au miguu yangu. Nikamjibu kwamba nimekulia kwenye omuramba. Hakuwa ameuliza hilo. Akanipa wiki tatu: nirudi na juisi kwenye chupa, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kukamua. Kwetu Igurwa kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume. Sisi wasichana tulimenya tukakaa pembeni, maana baba alisema mguu wa mwanamke ukiingia kwenye ule mtumbwi wa mti wa kukamulia, ndizi hugoma. Nadhani mashine niliibuni kwa hasira hiyo, ingawa kwenye slaidi niliandika "usafi".

Nikapanda basi mpaka Kayanga, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Baba alikuwa uani, goti limefungwa kitambaa. Tangu goti limharibikie hakuwa amekanyaga tena, na mtumbwi wake ulikuwa umefunikwa kifudifudi, kuku wamelala juu yake. Hilo liliniuma kuliko ule uji.

Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akauliza nyasi nilizitia saa ngapi. Sikutia nyasi. Akasema ndizi bila nyasi ni kutwanga maji kwenye kinu. Nyasi ndizo zinazoishika nyama ya ndizi, juisi ikapata kutoka.

Nilidhani angemwita jirani wa kiume. Badala yake tuligeuza mtumbwi pamoja, tukausugua, akanielekeza kupanga ndizi zilizoiva na nyasi juu yake. Halafu akaniangalia.

"Nawa miguu," akasema.

Nikamkumbusha habari ya ndizi kugoma.

"Hayo niliyasema nikiwa na magoti mawili."

Nikanawa. Akakaa kwenye kigoda, akawa ananigongea mwendo kwa fimbo yake chini: mara mbili, anapumzika, mara mbili, anapumzika. Nilipoharakisha, fimbo ilinyamaza mpaka na mimi nikasimama. Kwa muda mrefu nilihisi matope tu. Halafu kitu kikalegea chini ya nyayo, juisi ikapanda kati ya vidole, na mimi nikalia mbele ya baba yangu bila kujificha. Baba aliendelea kugonga. Siku ya pili yake nikairekodi ile fimbo kwenye simu.

Fundi mmoja wa Kayanga aliniona nimerukwa na akili. Nilimtaka atengeneze mashine isiyo na kisu, yenye mbao mbili za kupanda na kushuka, na nikamsikilizisha fimbo ya baba mpaka mwendo ukalingana, pumziko nalo likiwemo. Chupa za juisi yake nilizopeleka chuoni ziliiokoa nafasi yangu. Mlezi alikunywa mbili, akauliza kimebadilika nini, na safari hii nilimjibu alichouliza.

Niliporudi, niliiweka mashine uani kwa baba. Nikapanga ndizi na nyasi, nikawasha. Aliketi kwenye kigoda chake, macho amefumba. Mbao zikagonga mara mbili, zikapumzika. Fimbo yake ikaanza kugonga pamoja nazo, taratibu, kana kwamba hajui kama inagonga. Niliogopa kumsemesha.

"Huyo ni mimi," akasema hatimaye. "Ila yeye magoti yake ni mazima."