Kimo Chake

Juzi niliona wapimaji wa mafuriko wakichora mstari mwekundu ukutani kwa jirani, na harufu ya rangi ikanirudisha utotoni, Kunduchi, kwenye nyumba yetu iliyotazamana na mikoko.

Mchana ule kaa walikuwa wakichakarisha majani makavu. Mpimaji alichora mstari kama huo kando ya mlango wetu, akamwambia mama, "Mvua kubwa ikikutana na bamvua, kimo chake kitafika hapa."

Alikuwa akiyasema maji, ya mvua na ya bahari inapojaa kupita kawaida. Mie nilijua ananisema mie. Nikakimbilia chini ya mstari, nikasimama kwa ncha za vidole.

"Mama, nitafika lini?"

Mama aliitazama nafasi iliyobaki juu ya utosi wangu. Akaninyanyua, akanipakata begani, na mpaka jioni hakunishusha.