Kalamu Kati ya Cheni na Tairi

Kipimo chetu kilikuwa kalamu ya biro ya baba. Fundi aliichomoa kwenye mfuko wa shati la baba bila kuomba ruhusa, akajaribu kuipitisha kati ya cheni ya injini na tairi la nyuma la baiskeli, na ilipokwama akatikisa kichwa kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

"Hii itakula tairi," akasema.

Ilikuwa imeshaanza kulila. Ubavuni mwa tairi palikuwa na mfereji mweusi unaong'aa, na harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imetufuata kutoka nyumbani Woodley hadi pale ukutani karibu na Adams Arcade fundi alipokuwa akifanyia kazi.

Injini niliileta mimi, kwa hiyo lawama nazo zilikuwa zangu. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, na saa ya chakula cha mchana nilipenda kuzurura Kirinyaga Road nikitazama vipuri nisivyovihitaji. Wasichana wenzangu ofisini waliona hiyo ni dalili ya kukosa bwana. Siku moja nikaona dirishani injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, pamoja na cheni yake na tangi lisilozidi birika la chai. Nikamfikiria baba papo hapo.

Baba alikuwa tarishi kwa miaka mingi. Alipeleka barua za watu mji mzima kwa baiskeli nzito ya chuma, zile nyeusi zilizoitwa blakimamba, na alipostaafu alirudi nyumbani na baiskeli na goti bovu. Daktari akamwambia asikanyage pedali tena. Hilo lingekuwa jambo dogo lau si Loresho. Huko, katika chumba cha uani cha nyumba ya tajiri mmoja, aliishi rafiki yake wa tangu kazini, ambaye kiharusi kilikuwa kimemfunga kwenye kiti. Kila Jumamosi wawili hao walicheza drafti, vifuniko vya soda dhidi ya vifuniko vya bia. Rafiki hakuweza kuja kwetu, na baba hakutaka kupelekwa kwake. Nilipojitolea kumtafutia gari alinijibu kwamba yeye si gunia la sukari. Basi Jumamosi zikawa zinampita akiwa sebuleni, akifungua na kufunga redio ambayo haikuwa na ubovu wowote. Niliumia kumwona vile. Alikuwa akizeeka mbele ya macho yangu, na Jumamosi moja ilimzeesha kuliko wiki nzima.

Sasa, baiskeli yenye injini huwa na cheni mbili. Ya kulia ni ile ya siku zote, ya pedali. Ya kushoto hutoka kwenye injini mpaka kwenye sahani ya meno iliyofungwa juu ya spoku za gurudumu la nyuma. Unakanyaga mizunguko michache mahali tambarare, unaachia klachi, injini inashika, na kuanzia hapo kazi yako ni kukaa na kushika usukani. Goti linapumzika. Ila walioitengeneza ile injini walikuwa wamefikiria tairi jembamba la mtu wa kwenda matembezi, na la baba lilikuwa nene, la kubebea mizigo.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyevaa ovaroli ya kijani na kuheshimu vyuma kuliko wateja. Kwanza aliigeuza ile sahani ya meno, kwa sababu ilikuwa na bonde kama sahani ya supu, na kuigeuza kukasogeza meno nje. Kalamu ikapita. Lakini sasa cheni ikawa inagonga fremu. Akaongeza washa mbili, zile pete bapa za chuma, kwenye ekseli upande wa kushoto, gurudumu zima likahamia kulia, cheni ikaacha kugonga. Mwisho akakaza spoku za kulia na kulegeza za kushoto, robo kwa robo, mpaka rimu ikasogea upana wa punje ya mchele. Madigadi, lile bati la kukinga matope, akaikata pembeni kwa mkasi wa bati. Baba alitazama mkasi ule ukiingia kwenye madigadi yake, akageuka kuangalia barabara.

Kazi yote hiyo fundi aliifanya kama mafundi wote wa baiskeli wanavyofanya mjini kwetu. Aliipindua baiskeli juu chini, ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu hewani, kisha akazungusha pedali kwa mkono na kutega sikio. Hakuna kilichogusa. Kalamu ilipita bila kusuasua.

"Iko fiti," akatangaza. "Mzee, enda mpaka Naivasha ukitaka."

Jumamosi ya kwanza baba hakufika Naivasha wala Loresho. Saa nane alirudi akiisukuma baiskeli, shati limelowa, harufu ya mpira imemtangulia. Alikuwa amekwama kwenye bonde lililo kabla ya Waiyaki Way. Fundi akaipindua baiskeli, akalegeza nati na kuzikaza upya, akazungusha, kalamu ikapita. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo, ila safari hii alikwama Lavington. Jumapili baada ya kanisa nikaiendesha mwenyewe, nimefunga leso kichwani, hadi Junction na kurudi. Vijana walinipigia mbinja njia nzima. Tairi halikuguswa hata kidogo.

"Baba," nikamuuliza, "kwani huko njiani unakanyaga pedali?"

"Nikanyage na goti gani?" akasema.

Nikaona nimemkosea adabu. Ilinichukua karibu wiki mbili kugundua kwamba hakuwa amejibu swali.

Jumamosi ya tatu mama alimwona akiingia getini akichechemea nyuma ya ile baiskeli. Mama hakuwa mtu wa kugomba. Aliendelea kuchambua sukuma zake na kuniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumamosi ijayo akiisukuma tena, hiyo kitu inaenda nyumbani kwa mjomba wako." Nyumbani maana yake Kakamega. Na mama hakuwa na mazoea ya kusema jambo mara mbili, kwa hiyo nilijua tumebakiwa na Jumamosi moja.

Ijumaa nikitoka kazini nilimpitia fundi, nikamweleza. Alijikuna kidevu kwa spana.

"Madam, hii kitu nimetest juu chini. Wewe umeendesha, ikakubali. Kuna kitu moja tu hatujaona."

"Gani?"

"Mzee mwenyewe akiwa juu yake."

Asubuhi ya Jumamosi fundi akaja na mfuko wake wa vyombo. Nilimwambia baba aizungushe baiskeli mtaani mara moja kabla ya safari, injini ipate moto. Baba akachomeka mguu wa kulia wa suruali ndani ya soksi, akaikwea. Mimi na fundi tukachuchumaa nyuma ya ua wa kayaba, pale njia inapopanda kuelekea Ngong Road, miiba ikituchoma migongo. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kununua maziwa alitukuta hapo, karani na fundi wamebanana kichakani. Nikamsalimu kwa heshima zote. Akaitikia huku akiongeza mwendo.

Baba akatokea. Mahali tambarare alikaa wima, magoti yametulia, anapendeza kweli. Alipofika kwenye mwinuko injini ikaanza kulalamika, na hapo hapo baba akanyanyuka kitini, akashika usukani kwa nguvu na kukanyaga pedali kwa uzito wake wote, kulia, kushoto, kama tarishi aliyechelewesha barua ya waziri. Gurudumu la nyuma likapinda kidogo ndani ya fremu. Tukasikia tairi likisaga.

Fundi akainuka. "Mzee! Unapedal!"

Baba akashuka. Alitutazama jinsi tulivyotoka nyuma ya ua tumejaa majani.

"Ninaisaidia tu," akasema.

"Baba, ile ni injini. Haihitaji kusaidiwa."

"Unaisikia inavyohangaika? Siwezi kukaa tu juu yake kama mzigo."

Nilitaka kukasirika na nikashindwa, maana nilikuwa namjua mtu huyu. Gari la watu likikwama matopeni, yeye ndiye abiria wa kwanza kushuka kulisukuma. Kanisani harambee ya viti ikitangazwa, siku viti vinapoletwa yeye ndiye anayevibeba. Na sisi tukamletea injini tukidhani atakaa.

Fundi aliipindua baiskeli pale pale njiani na kutuonyesha nati ya kulia ya ekseli ya nyuma. Rangi ya fremu ilikuwa imekwaruzwa pale ekseli ilipoteleza kwenda mbele. Kila baba alipokanyaga kwa nguvu, cheni ya pedali iliuvuta upande wa kulia wa gurudumu, gurudumu likakaa mshazari, na tairi kwa mbele likalalia cheni ya injini upande wa kushoto. Hakuna mkono wa fundi unaoweza kuvuta hivyo baiskeli ikiwa imelala chali. Tena palipaswa kuwa na skrubu ndefu yenye pete, inayoishika ekseli isitembee. Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wake akaitoa, imefungwa kwa gazeti.

"Hii nilitoa siku ya kuweka washa," akakiri. "Nikajiuliza, ya nini, na hakuna mtu atapedal?"

Akanitazama mimi, hakumtazama baba. "Nirudishe, ama?"

Nilijua daktari angesema nini. Baba alikuwa ameinama akijifanya anakagua breki.

"Rudisha," nikasema.

Akalirudisha gurudumu mahali pake, akaikaza ile skrubu, kisha akamwambia baba akanyage kwa nguvu zake zote, yeye akiwa ameshikilia baiskeli kwa nyuma. Mimi nikapiga magoti na kupitisha kalamu. Ilipita. Baba akaondoka, moshi kidogo nyuma yake, na kwenye mwinuko akanyanyuka kitini tena. Safari hii hatukusikia kitu ila injini.

Siku ile nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Karibu saa kumi nikasikia mngurumo kwenye njia yetu, nikatoka mbio na mikono yenye sabuni. Baba aliingia getini akiwa juu ya baiskeli.

"Amenifunga michezo mitatu," akatuambia. "Kwa mkono mmoja." Sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akiwa na furaha namna ile.

Mama akamkagua kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi jikoni. Nikamfuata nikiwa na maneno yangu tayari, ya skrubu na washa. Akanikatiza.

"Nilijua anakanyaga tangu siku ya kwanza. Mtu wa kukaa tu anachomeka suruali kwenye soksi ya nini, na cheni ya pedali haizunguki?"

"Sasa mbona hukumwambia aache?"

"Ningemwambia, angeacha."

"Si ndiyo ungetaka, aache kukanyaga?"

"Angeacha kwenda," akasema. "Na kusukuma hiyo kitu kutoka Lavington kulikuwa kunamuumiza kuliko kukanyaga, ndiyo maana niliwapa Jumamosi moja."

Sufuria ya maji ilikuwa imeshachemka. Akamimina kwenye karai, akaongeza baridi, akatia chumvi na kuonja joto kwa kiwiko, kisha akanipa nimpelekee baba kwa lile goti.