Fundi Anayesikiliza Breki

Fundi wangu wa baiskeli ni mama wa makamo asiyeharakishwa na mtu. Hata ngazi tatu za karakana yake huzishuka akiwa ameshika ukuta. Vidole vyake vina grisi isiyotoka, na kila boliti akishaikaza huigonga kwa ukucha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Ukimhimiza, anakujibu kwa sauti ya chini, "Tulia, mwanangu. Sijaisikiliza bado." Maana hakabidhi baiskeli ya mtu kabla hajaiteremsha mwenyewe kwenye njia ya msituni nyuma ya karakana, ile ya mizizi na mawe ambayo mimi, pamoja na ujana wangu wote, huishia katikati nikikokota baiskeli.

Jana, alipomaliza kutengeneza baiskeli yangu, nilitangulia kwa miguu, nikajibanza kwenye kona mbaya kuliko zote, pale ambapo kushoto ni mti na kulia ni korongo. Nilimsikia kabla sijamwona. Akaivuka mizizi, baiskeli yangu ikirukaruka chini yake kama mbuzi, akapita hatua mbili tu kutoka niliposimama, na nikauona uso wake: mama alikuwa amefumba macho! Nilimfuata mbio hadi chini.

"Mama, ulifumba macho! Ungekufa!"

"Nikiangalia njia, siisikii breki," alisema, akitoa spana mfukoni. Akakaza boliti moja, akaigonga kwa ukucha mara mbili, kisha akaanza kuikokota baiskeli kurudi juu. "Ya mbele ilikuwa inalia. Ngoja niirudie."