Mradi Haubebi Picha

Mpiga video wa harusi anayenifundisha kuhariri huanza kila jibu kwa kuguna. Nikimuuliza tofauti ya klipu na mradi, huvua miwani, huifuta kwa ncha ya shati, huivaa tena, kisha hugonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Klipu ndiyo picha yenyewe, binti. Mradi unakumbuka tu umekata wapi. Huko chuo mlikuwa mnasoma nini?"

Juzi niliona klipu za babu yangu, zilizorekodiwa kabla hajafariki, zimeshaingia kwenye mradi, basi nikazifuta kwenye kompyuta ili kupunguza mzigo. Kioo kikawa chekundu kitupu na sauti ya babu ikakatika. Mwalimu wangu alikitazama, akaguna, akafuta miwani muda mrefu kuliko kawaida. Machozi yalikuwa yameshanilenga alipovuta droo na kunitupia flashi. "Nilizinakili siku ile uliyokuja. Nyie mnaoanza lazima mfute." Nilifungua klipu ya kwanza, babu akakohoa, kama alivyozoea kabla ya kusema lolote. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Acha hayo," alisema, akivua miwani tena. "Niambie, mradi ni nini?"